Migomba ya Walimu

Kwa karibu miaka miwili niliyofundisha chini ya macho yake sikumwona ameketi hata mara moja. Alikunywa chai amesimama, aliendesha mikutano ya kamati amesimama, na kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, alisimama karibu na mlango ibada nzima kama mtu anayengoja gari. Ukimpa kiti alishukuru, akaweka kofia yake juu ya kiti, akaendelea kusimama. Mwanzoni nilidhani mgongo unamsumbua. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anasikiliza barabara. Basi lolote lililopunguza mwendo kule chini, kituo cha Maji ya Chai, lilimkatisha maneno, kwa sababu basi likisimama ama limeleta mwalimu ama linamchukua mmoja wa kwake.

Jina lake sitaliandika. Sisi walimu tulimwita Mzee wa Kamati, watoto wa shule walimwita hivyo hivyo, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo kwa dhihaka: "Mzee wa Kamati, hawa ng'ombe nao wanangoja mwalimu?" Kazi yake ilikuwa moja tu. Alitafuta walimu wa darasa la tisa na la kumi, na akishawapata aliwazuia wasikimbie. Zama zile za Mwingereza shule zenye madarasa hayo zilikuwa chache mno, na watu wa mteremko ule wa Meru walikuwa wamejijengea ya kwao, mawe yakibebwa na wanawake kutoka mtoni. Serikali ilikubali, lakini kwa sharti. Lazima wawepo walimu watatu wenye vyeti, wakati wote. Wakipungua, darasa la kumi linafungwa na watoto wanarudi kupalilia kahawa. Mzee wa Kamati alilala na sharti hilo na kuamka nalo.

Mimi alinikamata stendi ya Arusha, na neno kukamata nalitumia kwa haki. Nilikuwa nimetoka kwetu Tabora, nimegombana na mkuu wa shule niliyokuwa nikifundisha, nimeapa sitashika chaki tena. Nilikuwa nakwenda Nairobi kutafuta ukarani. Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka saa nne, na saa tatu nilikuwa nimesimama na sanduku langu, nina njaa na hasira, pale mtu mrefu mwenye koti la mvua alipokuja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Shikamoo, mzee. Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Marahaba. Karani hubeba kalamu moja mfukoni. Wewe unazo mbili, na moja nyekundu." Akainama kuitazama vizuri, kama mtu anayekagua jino la ng'ombe mnadani. "Unafundisha nini?"

Nilimwambia hesabu. Nilisema kwa ukali ili aniache, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Alishika sanduku langu palepale. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, nikijua watu wa kule wengi ni Walutheri na shule ni yao. Akasema, huku akiwa ameshaanza kutembea na sanduku, "Hesabu haibatizwi. Nairobi haihami, utaikuta. Njoo uwaone watoto kwanza." Saa nne basi la Nairobi liliondoka bila mimi. Nilikuwa juu ya lori la mahindi naelekea Maji ya Chai, na yeye kasimama nyuma ya lori njia nzima, mkono mmoja kwenye turubai na mwingine juu ya sanduku langu.

Jumamosi ya kwanza alikuja na jembe na chipukizi la mgomba. Hiyo ilikuwa desturi yake aliyoitunga mwenyewe. Kila mwalimu aliyefika alipewa mgomba mchanga, akaupanda kwa mikono yake nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kuchimba shimo. Mimi mtu wa Tabora nilichimba vibaya, nikachekwa na wanawake waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe vichwani. Yeye hakucheka. Alisema, "Mtu hawezi kuacha mkungu wake ukiwa mtini. Sisi huku hatujapata kumwona mtu wa hivyo."

Alikuwa amewaona wengi. Nyuma ya nyumba zile kulikuwa na safu nzima ya migomba ya walimu waliokwisha kuondoka, na kila mmoja uliitwa kwa somo la mwenyewe. Kulikuwa na Kiingereza, aliyetoka Nyasa akashindwa na baridi kabla jani la tatu halijafunguka. Kulikuwa na Jiografia, mtu wa Bukoba, aliyesema ndizi za huku hazipikiki, akaondoka na mgomba wake ukiwa umezaa. Asubuhi moja baada ya upepo niliwasikia wanafunzi wakiambizana, "Jiografia ameanguka," wakaenda kumkatakata walishe ng'ombe. Kwa maana kulikuwa na sheria nyingine. Mkungu wa mwalimu aliyetoroka haukuliwa na watu. Ulikatwa ukapewa ng'ombe, hata mwaka wa njaa, na Mzee wa Kamati alisimamia mwenyewe kuona kwamba hakuna mtoto aliyeficha hata ndizi moja. Mkewe alilia kwa hasira siku ile, kwa sababu mkungu wa Jiografia ulikuwa mkubwa kuliko wote.

Mgomba wangu ulipozaa mara ya kwanza nilidhani deni la desturi limekwisha. Tuliukata, tukala na shule nzima. Nikamwambia, "Mzee, basi sasa nikiondoka sina kosa." Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha chipukizi lililokuwa limeota ubavuni mwa shina la zamani, limefika magotini mwangu.

"Na huyu mtoto wake je?"

Mwenye kuijua migomba anajua kwamba hapo hakuna mwisho. Nilitaka kukasirika, nikacheka. Nikamwahidi, kwa mdomo wangu, kwamba sitaondoka mpaka mkungu wa pili ukatwe. Kwa hesabu yangu ungeiva mwishoni mwa mwaka, wakati darasa la kumi wanafanya mtihani. Alirudia ahadi ile mara tatu ili mkewe asikie kutoka jikoni.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa msumbufu mno. Alfajiri alipita madirishani kusikiliza kama walimu wamo. Alinitafutia wachumba watatu bila kuniuliza, na wa tatu alikuwa binti wa ndugu yake, ambaye baba yake, naye mzee wa kanisa, alimjia juu kwa kumgawa binti yake kwa Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani aliwakataza majirani kupika karibu na dirisha langu mchana, akasababisha ugomvi uliofika hadi kwa mchungaji, kisha kila magharibi akaniletea loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, amesimama mlangoni mpaka nimalize, kwa sababu, alisema, mwalimu mwenye njaa huwaza nauli. Nilimpenda na nilichoshwa naye, na mara nyingi yote mawili kwa siku moja.

Na alikuwa mwongo ilipobidi. Mwaka wangu wa kwanza, baada ya Jiografia kuondoka, tulibaki walimu wawili na mkaguzi Mwingereza akatoa habari kwamba anakuja kesho yake. Mzee wa Kamati alikwenda kwa fundi seremala aliyekuwa anatutengenezea madawati, akamvika koti lake la Jumapili, akampa fimbo, akamsimamisha mbele ya ramani ya Afrika. Mkaguzi aliingia, akasikiliza kidogo, akamtaka fundi awaeleze watoto mto Nile unatoka wapi. Fundi aliitazama ile ramani kwa muda, akaigusa kwa fimbo karibu na Moroko, akasema kwa heshima, "Unatoka mbali sana, bwana." Darasa zima liliinamisha vichwa. Mkaguzi aliandika kitu, akatupa muda hadi muhula ujao kumpata mtu wa kweli. Sijui kama alidanganyika au alituhurumia. Ninachojua ni kwamba Jumapili nne mfululizo Mzee wa Kamati hakuingia kanisani. Alisimama nje kwenye mvua, amejipa adhabu mwenyewe, na Jumatatu zake alikuwa stendi ya Arusha akitazama mifuko ya watu. Wiki ya tano alirudi na mtu wa jiografia kutoka Iramba.

Jambo moja hakulizungumza, nikalipata kwa mkewe. Mtoto wao wa pekee wa kiume alikuwa mwalimu. Alisomeshwa kwa kahawa ya mteremko ule, akapelekwa na serikali kufundisha Tunduru kwa mwaka mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Baba alimwandikia barua za kumwita, na kijana alijibu kila mara kwamba akiondoka watoto wa huko hawatakuwa na mtu. Siku nilipothubutu kumuuliza, Mzee wa Kamati alikuwa anapalilia. Hakusimamisha jembe.

"Wamempandia mkorosho," alisema. "Mkorosho unakaa miaka mitatu bila kuzaa. Wamenizidi akili."

Halafu akatema mate pembeni, akaongeza kwamba mtoto asiyemzika baba yake ni hasara. Kesho yake nilimsikia akimsimulia mgeni, kwa majivuno ya wazi, kwamba Tunduru yote haina mwalimu kama mwanawe.

Barua zetu zilikuja kwenye sanduku la posta mjini, na ni yeye aliyezileta, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kutazama mihuri. Mwezi wa saba wa mwaka wangu wa pili alinipa bahasha, akiwa amesimama kizingitini kama kawaida. "Hii imetoka Uganda," alisema. "Una nani Uganda?" Nikasema rafiki. Ilikuwa nafasi ya masomo ya juu, niliyoiomba kimyakimya nikijua watu mamia wameiomba. Nilitakiwa niripoti baada ya wiki tatu, na nisiporipoti nafasi inapewa mwingine. Leo bado naukumbuka uzito wa ile bahasha mkononi mwake. Alikuwa ameshaibeba kutoka mjini, amepita nayo daraja la mto, na alijua kabisa kwamba walimu hawapati barua za rafiki zenye muhuri wa chuo. Angeweza kuidondosha majini. Aliileta.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilijua atakachosema, na nilijua kwamba nikimtazama usoni nitabaki. Wiki mbili nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nilifundisha vibaya, nikawafokea watoto bila sababu, sikulala. Mkungu wangu wa pili ulikuwa umeshatoka, kijani, umeinamia dirisha langu, na nilifunga dirisha nisiuone. Darasa la kumi walikuwa na miezi mitatu kabla ya mtihani.

Niliondoka Jumapili asubuhi wakati watu wote wako kanisani. Niliacha ufunguo, kitabu cha hesabu na barua fupi juu ya meza. Nilipokuwa nateremka na sanduku langu nilisikia wimbo wa katikati ya ibada, nikajua anasimama wapi na anatazama upande gani, nikapita njia ya chini, kwenye kahawa, nikiwa nimeinama mimi mtu mzima. Basi lilisimama Maji ya Chai. Lazima alilisikia likipunguza mwendo.

Miaka ilipita. Nilimaliza masomo, nikapelekwa huku na huku, mwisho nikawekwa ofisi ya elimu hapo hapo Arusha, msaidizi wa Mwingereza aliyepanga walimu wa wilaya. Bendera ilikuwa bado yao, ingawa watu walishaanza kuongea kwa sauti ya juu mbele yake. Nilikaa Lemara, na kwa mwaka mzima sikupanda kule shuleni hata siku moja. Nilipata visingizio vya kutosha.

Habari za nyuma alinipa Anaeli. Huyu alikuwa katika lile darasa la kumi nililoliacha, kijana mtaratibu wa dawati la nyuma. Alikuwa amerudi shuleni kwao kufundisha, hesabu hiyo hiyo, na sasa alikuja ofisini kwangu na karatasi zake, kwa sababu na yeye amepata nafasi Uganda. Nilimuuliza, kwa kuzunguka, ilikuwaje baada yangu. Akanieleza kama mtu anayesimulia jambo la kawaida.

"Jumatatu aliingia Mzee wa Kamati. Akaketi kwenye kiti chako. Tulishangaa, maana hatujawahi kumwona ameketi. Akafungua kitabu, akasema, 'Ukurasa unaofuata.'"

"Lakini yeye hajui hesabu. Aliishia darasa la nne."

"Hajui. Alikuwa anatuambia tu tufungue, tusome, tufanye. Asiyeelewa anasimama, anayeelewa anamfundisha mbele ya wote. Kipindi kikiisha anasema kesho ukurasa unaofuata. Miezi mitatu hivyo, mwalimu. Hakukosa siku, na bahati mkaguzi hakuja. Alisema darasa likitawanyika halikusanyiki tena."

Walikuwa wanafunzi kumi na wanne. Walifaulu watano. Anaeli hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Tisa wale ninaweza kuwataja kwa majina mpaka leo.

Wiki iliyofuata Mzee wa Kamati alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda, koti la mvua lile lile. Nilisimama haraka nikaangusha wino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Nilimvutia kiti. Akaweka kofia juu yake, akasimama.

Nilidhani amekuja kumzuia Anaeli, kwa sababu karatasi zake zilikuwa mezani kwangu. Nilianza kueleza taratibu za serikali, nikasikia sauti yangu ikiwa ya Mwingereza mtupu. Akaniacha nimalize.

"Anaeli nimempeleka stendi leo mwenyewe," alisema. "Ameniaga. Amelala kwangu, amekula, asubuhi akaniambia baba, naomba niende. Nikambebea sanduku." Akatazama dirishani. "Wewe ungeniaga ningekubebea. Ningegomba siku mbili, kisha ningekubebea."

Nilisema samahani, na neno likatoka dogo. Lilikuwa limekaa miaka sita.

"Mwalimu mwingine mnasema atakuja lini?"

"Mwezi mmoja, mzee. Labda na wiki."

"Mtihani ni baada ya miezi miwili."

"Najua."

"Jumatatu saa mbili ni hesabu," alisema.

Nikamweleza kwamba Jumatatu naanza likizo yangu ya mwezi, nakwenda Tabora, nimeshaandika nyumbani. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari zisizomhusu. Nilipouliza habari za mkungu wangu, kwa mzaha wa kujikinga, ili nimalize maongezi, nilitegemea kusikia ng'ombe waliufurahia.

"Wako tuliula," alisema. "Siku ya mtihani. Niliwapa watoto wote, na mimi nikala."

"Lakini sheria yako…"

"Sheria ni ya mtoro. Watoto niliwaambia mwalimu yuko safari." Akafungua mlango. "Haya, mwalimu. Tabora wasalimie."

Aliondoka. Kofia yake ilibaki kitini. Mtu yule hakuwahi kusahau kitu katika maisha yake, na sote wawili tulilijua hilo. Niliitazama ile kofia hadi jioni. Niligomba nayo. Nikaipeleka nyumbani Lemara, nikaiweka juu ya sanduku nililokwisha kulifunga kwa safari, na Jumapili nikamwandikia mama barua.

Jumatatu nilishuka basi Maji ya Chai na kofia mkononi. Nilipanda ile njia ya kahawa, safari hii bila kuinama, nikapita nyuma ya nyumba za walimu. Pale nilipochimba lile shimo bovu palikuwa na kichaka kizima cha migomba. Sikusimama, kwa sababu saa mbili ilikuwa imefika na nilisikia sauti yake.

"Ukurasa unaofuata."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwalimu, miwani imeteremka, kidole juu ya mstari asiouelewa. Wanafunzi walisimama kunisalimia. Yeye aliinuka polepole, akanipa chaki, akachukua kofia yake bila kuniangalia. Nikampisha aelekee mlangoni, mahali pake pa siku zote. Hakwenda. Alipita katikati ya madawati hadi lile la nyuma kabisa, akaketi, akaweka kofia magotini.

Niliandika tarehe ubaoni. Kule chini basi lilikuja, likapunguza mwendo, likasimama. Nilimtazama. Alikuwa anatafuta ukurasa.